Kabla ya safari: historia ya vifaa vinavyomrudisha dereva nyumbani

Makala haya ya historia yanakujia kutoka hapa Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji.

Kandokando ya mfereji unaoukata mji huu, si mbali na machinjio ya Anderlecht, uko mtaa wa Heyvaert. Kwa miongo kadhaa mtaa huu umejulikana kwa biashara ya magari yaliyokwisha kutumika, ambayo hupitia bandari ya Antwerp na kuelekea Afrika. Ndiko nilikokutana na Mtanzania mmoja, mzaliwa wa Mufindi, ambaye ameishi Ubelgiji kwa miaka mingi. Yeye hakuja kununua gari kuukuu. Alikuwa akitafuta nafasi katika kontena ili asafirishe gari dogo jipya la porini alilolinunua kwa akiba yake.

Ni aina ile ya gari lisilo na vioo, lenye magurudumu manne ya meno makubwa, mabomba ya chuma juu ya vichwa vya abiria, na viti viwili vilivyowekwa bega kwa bega. Watengenezaji hulitaja kwa herufi tatu, UTV. Mfukoni alikuwa na orodha ya vitu alivyotaka kuongeza: taa za ziada, spika za muziki, magurudumu makubwa zaidi na kifaa cha kuongeza mwendo. Fedha zilizobaki hazikutosha kununua vyote.

"Ndugu yangu," aliniambia, "wewe kazi yako ni kusoma na kuuliza. Atakayeliendesha gari hili ni mdogo wangu, na siku za kliniki atamchukua mama. Nianze na kipi?"

Sikumjibu pale pale. Swali lake lilinipeleka mbali, kwa sababu si swali jipya. Limeulizwa na kila aliyewahi kuondoka mahali penye barabara na kwenda mahali pasipo na barabara, na waliokosea jibu wengine hawakurudi. Makala haya ndiyo jibu langu kwake.

Orodha ya kwanza ilibebwa kichwani

Kabla ya injini kufika Afrika ya Mashariki, palikuwapo misafara ya miguu. Katika karne ya 19 njia kuu ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora na kufika Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika. Mpagazi mmoja aliweza kubeba mzigo wa kiasi cha kilo 30, na juu ya mzigo huo alikuwa na mkeka wake, sufuria na chakula chake mwenyewe. Kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya pambo. Kila kitu kilichoingia katika mzigo kilipaswa kulipia uzito wake.

Mbele ya msafara alitembea kirangozi. Huyu ndiye aliyeijua njia, aliyejua maji yako wapi na ni mtemi gani anayetaka hongo kabla ya kupita. Wazungu waliosifiwa Ulaya kwa kuvumbua maziwa na mito walitegemea elimu ya watu wa namna hiyo. Mfano mmoja ni Sidi Mubarak Bombay, ambaye alisafiri na Burton na Speke kuanzia mwaka 1857, baadaye akawa na Stanley, na kati ya mwaka 1873 na 1875 akaongozana na Cameron kulivuka bara lote kutoka Bagamoyo hadi pwani ya Atlantiki.

Misafara ile inatupa somo la kwanza. Uzito una gharama, na ujuzi wa njia ni kifaa kisicho na uzito.

Magari manane kutoka jangwani hadi Kampala

Tarehe 28 Oktoba mwaka 1924, magari manane ya kampuni ya Citroën ya Ufaransa yaliondoka Colomb-Béchar, kusini mwa Algeria. Kiongozi wa msafara alikuwa Georges-Marie Haardt, na msaidizi wake Louis Audouin-Dubreuil. Magari yale yalikuwa na magurudumu ya kawaida mbele, lakini nyuma yalikuwa na mikanda ya mpira, mfumo uliobuniwa na Adolphe Kégresse alipokuwa akihudumia magari ya mfalme wa Urusi. Mkanda huo ulisambaza uzito wa gari juu ya eneo kubwa, hivyo halikuzama upesi katika mchanga au tope.

Msafara ulikata Sahara, ukapita Niger na Chad, ukaingia katika Kongo iliyokuwa chini ya Ubelgiji na kufika Kampala mwaka 1925. Hapo uligawanyika katika makundi manne. Kundi moja lilielekea Mombasa, la pili Dar es Salaam, la tatu Msumbiji na la nne Afrika Kusini. Mwisho wa safari ulikuwa kisiwani Madagascar, katikati ya mwaka huo huo. Filamu ya msafara huo ilionyeshwa Paris mwaka 1926, na jina la Citroën likaenea duniani.

Lakini filamu ilisifu mashine kuliko ilivyosifu mambo mawili yaliyoufanikisha msafara. La kwanza ni maghala. Miezi mingi kabla ya kuondoka, watu walitangulizwa kuweka akiba ya mafuta, chakula na vipuri katika vituo vya njiani. La pili ni nguvu za wenyeji. Katika misitu ya Kongo, watu wa vijiji walitumikishwa na utawala wa kikoloni kukata njia ambayo magari yangepita. Majina yao hayakuandikwa ubavuni mwa magari, ambayo yenyewe yalipewa majina ya fahari, kama vile lile la Haardt lililoitwa Mdudu wa Dhahabu.

Mabati ya mwanajeshi na maji ya rejeta

Katika miaka hiyo hiyo ya 1920, mwanajeshi wa Kiingereza aliyekuwa Misri, Ralph Bagnold, alitumia likizo zake kuingia jangwani na marafiki kwa magari ya kawaida ya Ford. Hawakuwa na kampuni nyuma yao. Kwa kuwa fedha zilikuwa chache, walilazimika kufikiri.

Gari likikwama mchangani, walichimba kwa sepetu na kuweka chini ya magurudumu mabamba marefu ya chuma ambayo Bagnold aliyapata kwa wauza vyuma chakavu mjini Cairo. Mabamba hayo yalikuwa yametengenezwa kwa ajili ya kuezekea mahandaki ya vita. Walipunguza upepo katika matairi ili yatanuke na kuelea juu ya mchanga. Na kwa kuwa rejeta zilizochemka zilipoteza maji, waliuelekeza mvuke katika kopo lenye maji kando ya gari, ukapoa na kurudi kuwa maji, kisha ukafyonzwa tena ndani ya rejeta.

Mwaka 1940, vita vya pili vya dunia vilipofika Misri, Bagnold aliunda kikosi maalumu cha jangwani kilichotumia mbinu hizi hizi. Leo mtu akinunua mabamba ya plastiki yenye meno ya kujikwamulia, ananunua wazo lililozaliwa katika vyuma chakavu vya Cairo.

Baada ya vita lilikuja gari lililobadilisha maisha ya vijijini katika sehemu nyingi za Afrika. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili mwaka 1948. Bodi yake ilikuwa ya aluminiamu kwa sababu chuma kilikuwa adimu Uingereza. Hapa Ubelgiji kampuni ya Minerva ya Antwerp, ambayo magari yake ya kifahari ya zamani yanaonekana hadi leo katika jumba la makumbusho la Autoworld hapa Brussels, ilianza mwaka 1952 kuunda Land Rover kwa ajili ya jeshi la Ubelgiji. Waantwerp walitumia bodi ya chuma, na mabawa ya mbele wakayainamisha, ndiyo maana Land Rover ya Minerva hutambulika kwa mbali. Sifa kubwa ya gari hilo, liwe la Uingereza au la Antwerp, ilikuwa kwamba fundi mwenye spana chache aliweza kulifungua na kulifunga chini ya mwembe.

Magari saba kati ya 84

Sasa turejee Afrika ya Mashariki, ambako vifaa vya gari vimepimwa hadharani kuliko mahali pengi duniani. Mwishoni mwa Mei mwaka 1953, madereva wa Kenya, Uganda na Tanganyika walishindana katika mbio zilizoandaliwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Magari yalikuwa ya kawaida ya dukani na yalipangwa katika makundi kulingana na bei yake. Kuanzia mwaka 1960 mashindano hayo yaliitwa East African Safari, na kati ya mwaka 1973 na 2002 yalikuwa sehemu ya mbio za ubingwa wa dunia.

Kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka, yaani katika masika. Udongo mwekundu uligeuka kuwa sabuni, na mito mikavu asubuhi ikawa na mkondo jioni. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza saba tu. Mwaka 1968 yalianza 93, na kwa mara nyingine yakamaliza saba.

Lau kumaliza kungekuwa bahati tupu, majina ya washindi yangebadilika. Lakini mwaka 1963 na mwaka 1968 walioshinda ni watu wale wale, Nick Nowicki na Paddy Cliff, katika gari la aina ile ile, Peugeot 404. Gari hilo halikuwa lenye kasi kuliko mengine. Lilikuwa gari la familia, ambalo Waafrika ya Mashariki walilijua kwa kubeba abiria na mizigo.

Naye Joginder Singh, fundi wa magari aliyezaliwa Kericho na kuitwa Simba wa Kenya, alishinda mwaka 1965 akiwa na ndugu yake Jaswant katika Volvo iliyokwisha kutumika. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976 akiendesha Mitsubishi. Hata hivyo, rekodi yake ninayoiheshimu zaidi ni nyingine: alianza Safari mara 22 na kumaliza mara 19. Katika mashindano ambayo mara mbili yalibakiza magari saba, huo ni ushahidi wa mtu aliyejua kulitunza gari.

Ukizitazama picha za magari ya miaka ile, utaona yalivyovikwa. Mbele kulikuwa na ngao ya vyuma kwa ajili ya wanyama waliovuka usiku. Chini palikuwa na bamba la kuikinga injini na mawe. Kulikuwa na taa za ziada, matairi ya akiba zaidi ya moja, sepetu na kamba. Nyuma ya baadhi ya magari palifungwa vishikio na vikanyagio. Gari lilipoteleza, msaidizi wa dereva alishuka, akasimama juu ya bampa la nyuma na kuruka-ruka ili uzito wake uyakandamize magurudumu yapate kushika ardhi. Na waliposhindwa kabisa, walisukumwa na wanakijiji. Kifaa hicho cha mwisho hakiuzwi katika duka lolote.

Waliopotea mchangani

Kukwama ni jambo moja, kupotea ni jambo lingine. Mwezi Januari mwaka 1977, Mfaransa Thierry Sabine alikuwa akishiriki mbio za kutoka Abidjan hadi Nice kwa pikipiki. Alipotea katika jangwa la Libya, akabaki bila maji mpaka alipoonwa na ndege waliokuwa wakimtafuta. Mtu mwingine angeliapa kutolikanyaga jangwa tena. Sabine aliporudi alianzisha mbio za Paris-Dakar, ambazo ziliondoka Paris kwa mara ya kwanza tarehe 26 Disemba mwaka 1978. Mzaliwa wa hapa Brussels, Jacky Ickx, alizishinda mwaka 1983 akiendesha Mercedes pamoja na mwigizaji wa filamu wa Kifaransa, Claude Brasseur.

Mwaka mmoja kabla ya ushindi huo, dunia nzima ilisikia habari za mshiriki mwingine. Mark Thatcher, mtoto wa waziri mkuu wa Uingereza wa wakati huo, pamoja na dereva mwenzake na fundi wao, walitoweka Sahara kwa siku sita baada ya gari lao kuharibika. Walipatikana na ndege ya jeshi la Algeria, mbali na njia ya mbio, wakiwa hai kando ya gari lao. Kanuni ambayo wasafiri wa jangwani huirudia kila siku ndiyo hiyo: gari likifa, usiliache. Gari huonekana kutoka angani, mtu mmoja anayetembea haonekani.

Sabine mwenyewe alifariki dunia mwezi Januari mwaka 1986 nchini Mali, katika ajali ya helikopta wakati wa mbio hizo hizo alizozianzisha. Mashindano ya sasa humlazimisha kila mshiriki kubeba kifaa cha kutoa ishara ya dharura kupitia setilaiti.

Somo la mwaka 2009

Tumrudie sasa rafiki yangu wa Heyvaert na gari lake jipya. Magari ya aina hii yalianza kama vyombo vya kazi. Kawasaki ilitoa lake la mashambani, Mule, mwaka 1988. Yamaha ilifuata na Rhino kwa mauzo ya mwaka 2004, na mwaka 2007 Polaris ikatoa RZR, ambalo lilijengwa kwa ajili ya mwendo na burudani. Mwaka 2017 mbio za Dakar, ambazo wakati huo zilikuwa zikifanyika Amerika ya Kusini, ziliyapa magari haya daraja lake la pekee.

Kati ya kazi na burudani palitokea msiba. Tarehe 31 Machi mwaka 2009, tume ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa za watumiaji ilitangaza kwamba ilikuwa imechunguza zaidi ya matukio 50 yaliyohusu Rhino za aina mbili, na kwamba watu 46 walikuwa wamekufa. Mengi ya matukio hayo yalikuwa ya gari kupinduka. Jambo la kushtusha ni kwamba baadhi yalielekea kutokea gari lilipokuwa likikata kona kwa mwendo mdogo, tena juu ya ardhi tambarare.

Kampuni ilikubali kuyarekebisha magari hayo bila malipo. Na marekebisho yenyewe yalikuwa nini? Vipande vya kuyasukuma magurudumu ya nyuma nje kidogo ili gari lisimame kwa upana zaidi. Kuondolewa kwa chuma kimoja cha nyuma kilichokuwa kikibadilisha namna gari linavyokata kona. Milango mifupi ya pembeni, ili mguu wa abiria usitoke nje gari linapolala. Na kishikio cha mkono. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachong'aa au kuongeza mwendo, na hakuna hata kimoja kilichokuwa katika orodha ya rafiki yangu.

Jibu langu kwa mtu wa Mufindi

Basi, ndugu yangu, nikiifuata historia hii, fedha zako ningezigawa kwa utaratibu huu.

Kwanza, vinavyomshikilia mama ndani ya gari. Mikanda imara ya viti, milango au nyavu za pembeni, kishikio cha mkono na kofia ngumu mbili zinazowatosha. Yale mabomba ya chuma ya juu humwokoa aliyefungwa mkanda tu. Asiyefungwa hurushwa nje, na gari humwangukia. Mfundishe mdogo wako kwamba gari likianza kulala, asitoe mkono wala mguu kulizuia. Na magurudumu makubwa zaidi uliyoyataka, yaache kwanza. Yanaliinua gari juu, na kila sentimita ya kimo inakaribisha kupinduka.

Pili, vinavyoliwezesha gari kuendelea. Bamba la chini la kuikinga injini na mawe na visiki. Tairi la akiba, kwa kuwa mengi ya magari haya huuzwa bila tairi hilo, pamoja na tambi za kuzibia pancha na pampu ndogo. Kisha kitu ambacho wengi hukisahau: mengi ya magari haya hupeleka nguvu za injini kwenye magurudumu kwa mkanda wa mpira. Mkanda ukikatika, injini inanguruma na gari limesimama. Nunua mwingine wa akiba pamoja na vifaa vya kuufungia, na mdogo wako aubadilishe mara moja akiwa nyumbani, mchana, kabla hajalazimika kuubadilisha usiku kwenye mvua.

Tatu, vinavyolitoa gari lilikokwama. Sepetu, panga, mabamba ya kujikwamulia na kamba madhubuti. Ukiweza, ongeza winchi. Kipimo kinachotumiwa na wenye uzoefu ni winchi yenye uwezo wa kuvuta angalau mara moja na nusu ya uzito wa gari likiwa na mzigo. Waya wake ufungwe kwenye mti kwa kupitia mkanda mpana, ili usilichune gome la mti wala usijikate wenyewe. Uwekewe turubai au koti zito juu yake unapovuta, na mtu yeyote asisimame karibu wala kuuvuka. Waya uliokatika ukiwa umekazwa unaweza kuua.

Nne, vinavyomhifadhi mtu mpaka msaada ufike. Maji ya kunywa, ambayo hayaguswi kwa kazi nyingine. Sanduku la huduma ya kwanza lenye bandeji za kutosha kuzuia damu. Kizimamoto kilichofungwa mahali dereva anapofikia kwa mkono. Tochi, kiberiti, blanketi. Simu iliyojaa moto na, kama bajeti inaruhusu, kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti, kwa maana mawimbi ya simu hukatika pale pale unapoyahitaji. Vyote hivi vifungwe chini, karibu na sakafu, visirundikwe juu ya paa. Kumbuka mpagazi wa Bagamoyo: uzito una gharama, na katika gari hili uzito ulio juu ndio wa gharama kubwa kuliko wote.

Tano, na hiki ni bure, neno la kuaga. Kabla ya kuondoka, dereva amwambie mtu mmoja anakwenda wapi, anapita njia ipi na atarudi saa ngapi. Saa hiyo ikipita, watu watoke kumtafuta. Sabine alipatikana kwa sababu palikuwa na watu waliojua kwamba hajafika. Na akifika mtoni akakuta maji yamepanda, ageuze. Maji ya kina cha magoti, yakiwa na mkondo, yana nguvu ya kubeba gari zito kuliko lake.

Baada ya hayo, kama kuna fedha zilizobaki, nunua taa. Spika za muziki zingoje mavuno.

Huenda, mpenzi msikilizaji, ukasema kwamba mambo haya ni ya watu wasio na fedha, na kwamba wenye magari ya mamilioni wameyavuka. Sivyo. Mbio za Safari ziliporejea katika ubingwa wa dunia mwezi Juni mwaka 2021, huko Naivasha, Mbelgiji Thierry Neuville aliianza siku ya mwisho akiongoza kwa karibu dakika nzima. Alikuwa na gari la kisasa na mafundi wa kampuni nzima nyuma yake. Kifaa kimoja cha kuzuia mtikisiko wa gurudumu la nyuma kikavunjika, akajitoa, na ushindi ukaenda kwa Mfaransa Sébastien Ogier. Miaka 68 tangu mbio za kwanza, njia ya Kenya ilikuwa bado inauliza swali lile lile.

Watu wa pwani wanalijua jambo hili tangu zamani. Nahodha hanunui tanga jipya kabla jahazi halijatiwa kalafati, wala hang'oi nanga kabla ya kuhesabu mapipa ya maji. Akisifiwa kwa mwendo ni vyema, lakini wake na watoto wanaosimama ufukweni hawaulizi alikwenda kasi gani. Wanauliza kama amerudi.

Nilimpelekea rafiki yangu orodha hii siku chache baadaye. Aliisoma akiwa amesimama kando ya kontena, akachukua kalamu, akakata spika, akakata magurudumu makubwa. Kisha akaniuliza kofia ngumu ya mama yake aichukue ya ukubwa gani, kwa sababu mama hufunga kilemba na hatakubali kukivua. Swali hilo, mpenzi msikilizaji, historia haikunipa jibu lake. Nilimshauri ampigie mama simu.